Mboga, Kuku wa Mgeni na Paka wa Ghala

Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Mundika



Leo tulikuwa tuzungumze juu ya vitabu vya akaunti, lakini jambo lilitokea katika mojawapo ya boma zetu, na watu wengi wametuuliza. Kwa hiyo vitabu vya akaunti vitangoja. Leo tuzungumze juu ya chakula: mtu anayekataa nyama, samaki, mayai na maziwa, je, ni mgonjwa, ni mjeuri, au anajua kitu ambacho sisi hatujui?

KISA CHENYEWE

Mama mmoja wa kikundi, hatutamtaja jina, alimpokea binti yake aliyetoka Nairobi. Binti alikuwa amekaa huko miaka mitano. Mama akafanya kama tunavyofanya sisi Waluhya mgeni wa maana akifika: akakamata jogoo, akamchinja, ugali wa wimbi na mihogo ukasongwa. Chakula kikaletwa mezani. Binti akasema, "Asante mama, lakini mimi siku hizi sili chochote kinachotoka kwa mnyama. Nipe mboga tu."

Nyinyi mnajua kuku ni nini katika nyumba ya Mluhya. Kumkataa kuku wa mama yako ni kama kukataa mkono wake. Mama aliinuka akaenda jikoni, akalia. Majirani wakasema binti ameingia dini isiyojulikana. Wengine wakasema ni maringo ya mjini.

Walipoleta shauri hilo ofisini kwetu, sisi nasi tulikosea. Tulicheka. Tulisema, "Njaa ikimshika, atakula." Hatukuuliza hata swali moja. Wiki mbili baadaye ndipo tukajua kwamba binti ana mimba ya miezi minne. Hapo kicheko kikaisha. Tukatafuta vitabu, tukaenda kliniki kuuliza, na hayo tuliyojifunza ndiyo tunawaletea leo.

Katika mkutano wa kwanza wa kulijadili jambo hili, mjane mmoja mzee alisimama akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Mimi sijaonja nyama tangu Krismasi, wala maziwa sina, na hakuna aliyewahi kuniitia mkutano." Watu wakanyamaza. Alikuwa na haki. Kuna anayeacha nyama kwa kupenda, na kuna aliyeachwa na nyama kwa umaskini. Mwili hauulizi sababu. Kwa hiyo maneno ya leo ni ya binti yule, na ni ya mjane huyu pia.

WATU HAWA NI NANI?

Wanaitwa vegani. Chama chao cha kwanza kilianzishwa Uingereza mwezi wa Novemba 1944 na Donald Watson pamoja na wenzake wachache. Wengine huacha vyakula vya wanyama kwa kuwahurumia wanyama, wengine kwa afya, wengine kwa ajili ya kutunza ardhi na maji. Hawali nyama, samaki, mayai, wala kunywa maziwa. Hata asali hawali, kwa maana ni jasho la nyuki. Na kumbikumbi zetu za msimu wa mvua? Hizo pia hapana!

Msicheke sana, kwa sababu jambo lenyewe si geni. Sisi Wakatoliki twajua kuacha nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima. Ndugu zetu Waorthodoksi wa Ethiopia wanakwenda mbali zaidi: siku za kufunga hawali nyama, mayai wala maziwa, na siku hizo zikihesabiwa hukaribia nusu ya mwaka. Wamepika dengu, mbaazi na mboga kwa ustadi kwa mamia ya miaka. Danieli naye, huko Babeli, aliomba apewe mboga na maji kwa siku kumi. Na Mtume Paulo, katika barua kwa Warumi sura ya 14, anazungumza juu ya hao hao, wanaokula kila kitu na wanaokula mboga tu, naye anawataka wasidharauliane. Kwa hiyo binti yetu hakuingia dini mpya. Ni sisi tuliosahau.

SHAMBA LETU LINATOSHA KIASI GANI?

Tuanze na habari njema. Hapa Busia mtu anaweza kula vizuri sana bila kuchinja. Tuhesabu pamoja: kunde, mrenda, saga, managu, mitoo, dodo, majani ya maboga. Maharagwe, ndengu, njugu karanga, njugu mawe, simsim, soya. Wimbi, mtama, viazi vitamu, nduma, ndizi. Maparachichi, mapera, mapapai, maembe, mafenesi.

Mnamjua Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia? Huyu ni mtoto wa hapa kwetu magharibi. Alipokuwa mdogo mwili wake ulikuwa ukikataa vyakula vya wanyama, akalelewa kwa mboga za kienyeji. Alipokua akazifanya mboga hizo kuwa masomo yake ya maisha, wakati ambapo wengi waliziita magugu au chakula cha maskini. Mwaka 2014 alitunukiwa Nishani ya Edinburgh huko Scotland kwa kazi hiyo. Na hapa Busia kwetu, kuanzia mwaka 2012, palikuwa na mradi wa kimataifa wa kurudisha vyakula vya asili, Kenya ikiwa pamoja na Brazil, Sri Lanka na Uturuki. Vikundi vya wakulima vilifunzwa kuuzia shule mboga hizo. Kwa hiyo yeyote akikuambia mrenda ni chakula cha unyonge, mwambie umepitwa na wakati.

Lakini kuwa na mboga si kujua kuzitumia. Shikeni mambo manne:

Kwanza, ugali na mboga peke yake si mlo kamili. Kila siku lazima kuwe na kitu cha jamii ya maharagwe: maharagwe, kunde, ndengu, soya au njugu. Hiyo ndiyo nyama ya asiyekula nyama. Mahindi na maharagwe vikikutana, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Githeri haikubuniwa na wajinga.

Pili, madini ya chuma yanayotoka kwenye mboga na maharagwe huingia mwilini polepole. Yasaidieni kwa kula limau, pera, chungwa au papai pamoja na chakula. Chai isinywewe pamoja na chakula, ingojeni saa moja au mbili, maana inazuia chuma.

Tatu, wengi tunazipika mboga chungu kwa maziwa. Anayeacha maziwa atumie njugu au simsim iliyosagwa, na uchungu utapungua vilevile. Na ule munyu wetu wa majivu, tia kidogo tu, kwa maana ukizidi unaharibu vitamini C.

Nne, mihogo michungu. Tunapenda ugali wa mihogo, lakini mihogo hiyo ina sumu. Imenye, iloweke au ivundike vizuri, halafu ianike mpaka ikauke kabisa. Kule Kongo na Msumbiji, wakati wa njaa, watu waliokula mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri, bila maharagwe wala samaki, walipooza miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Anayekula mihogo bila kitoweo cha protini yumo hatarini zaidi, na hapa ndipo yule mjane wetu anatuhusu.

PENGO MOJA AMBALO SHAMBA HALIZIBI

Sasa fungueni masikio. Kuna vitamini moja inayoitwa B12. Inahitajika kwa damu na kwa mishipa ya fahamu. Vyakula vya mimea havina B12 ya kutegemewa. Si mrenda, si soya, si busaa, si uji uliochachuka. Inapatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa, au katika vidonge na vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Hata wale waanzilishi wa mwaka 1944 hawakujua, kwa sababu B12 yenyewe ilipatikana na wataalamu mwaka 1948.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 2.4 kwa siku, mja mzito 2.6, na anayenyonyesha 2.8. Ini linaweka akiba ya kutumia miaka kadhaa. Ndiyo maana mtu akiacha vyakula vya wanyama leo, mwaka huu anajisikia vizuri, na mwakani pia. Anasema, "Mnaona? Sina shida." Ni kama chama kinachotoa mikopo lakini hakuna anayeleta michango. Siku za kwanza kila mtu anafurahi, ila sanduku linaisha. Likiisha, mtu anachoka, anakosa damu, vidole vya mikono na miguu vinakufa ganzi, na anasahausahau. Akichelewa kutibiwa, mishipa mingine haiponi tena.

Mtoto mchanga hana akiba ya miaka. Ana ile aliyopewa na mama tumboni na ile ya maziwa ya mama. Mama asipokuwa nayo, mtoto atalegea, atakataa chakula, ataacha hata mambo aliyokwisha kujifunza kama kukaa na kucheka. Hii ndiyo sababu kicheko chetu kiliisha.

Tulimfuata binti yule nyumbani. Kwanza tulimwomba msamaha. Tukamwuliza sababu yake, akasema aliwahi kuishi karibu na mahali pa kuchinjia ng'ombe, na tangu hapo roho inakataa. Sababu hiyo ni ya kweli, hatukuipinga. Tukaenda naye kliniki ya wajawazito, akamweleza muuguzi wazi wazi namna anavyokula. Hapo tukajifunza jambo: vidonge vya damu vya kawaida vinavyotolewa kwa wajawazito ni vya chuma na foliki asidi. Ni vizuri sana na asiache mtu kuvimeza, lakini si B12. Unga wa mahindi wa pakiti, kwa sheria ya Kenya tangu mwaka 2012, unaongezwa vitamini na madini, lakini unga tunaosaga wenyewe kwa posho mill hauna nyongeza hiyo. Binti akaandikiwa vidonge vya B12, akawa anavinunua mwenyewe kwenye duka la dawa.

Alijifungua salama. Miezi sita ya kwanza ilikuwa maziwa ya mama peke yake, kama inavyotakiwa. Vita vikaanza mwezi wa saba, wakati wa kumwanzishia mtoto uji. Nyanya yake alikuwa akimpa mtoto mchuzi wa kuku kwa siri, binti akiwa shambani. Siku moja binti akarudi mapema. Jamani, maneno yaliyosemwa siku hiyo hatuwezi kuyachapa.

Tulikaa nao jioni nzima. Tukawaambia wote wawili ukweli. Kwa nyanya tulisema: mchuzi wa kuku una ladha, lakini hauna nguvu unayoifikiria, na kulisha mtoto kwa siri kunavunja nyumba. Kwa binti tulisema: Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miezi 6 mpaka 23 wapate chakula cha wanyama kila siku, kwa sababu tumbo lao ni dogo na mahitaji yao ni makubwa. Asiyetaka hivyo lazima apate virutubisho vya dawa na kusimamiwa na mtaalamu bila kukosa. Je, vitapatikana hapa kila mwezi? Fedha ipo?

Binti alinyamaza sana. Mwishowe akasema, "Mama, kuku wako wanataga?" Nyanya akajibu, "Wanataga." Binti akasema, "Basi mtoto apewe yai, na unga wa omena kidogo kwenye uji. Akikua atachagua mwenyewe. Mimi nitabaki na vidonge vyangu, na usinichinjie tena." Nyanya akasema, "Na mimi nitakupikia kunde zenye njugu, mwanangu, lakini usikatae mkono wangu." Hivyo ndivyo walivyopatana, na mtoto anatambaa.

PAKA SI MBUZI

Tuna kisa kingine, na hiki ni cha aibu yetu pamoja. Mnakumbuka ghala letu la mahindi na yule paka? Bei ya omena ilipopanda tulipunguza matumizi, tukapitisha kwa kura kwamba paka asinunuliwe tena omena. Mmoja wetu akatania, "Ni Kwaresima, hata paka afunge." Naye alipoanza kuiba omena ya majirani, akafungwa kamba jikoni kwa mwanachama mmoja, akawa analishwa ugali na mrenda kutoka Kwaresima mpaka mavuno. Tulipomrudisha ghalani alikuwa amekonda, manyoya yamekauka, akigonga magunia kwenye giza kama mlevi. Panya walipita mbele yake. Mnajua tulipoteza magunia mangapi, hatuna haja ya kuyasoma tena.

Afisa wa mifugo alituambia maneno matatu: "Paka si mbuzi." Mwili wa paka unahitaji kitu kinachoitwa taurini, kinachopatikana katika nyama na samaki, na yeye hawezi kujitengenezea cha kutosha. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba paka akikosa taurini, jicho lake linaharibika. Mwaka 1987 ikaonekana kwamba hata moyo wake unalegea. Tena paka hawezi kugeuza rangi ya karoti na mboga kuwa vitamini A kama sisi. Mbwa anavumilia zaidi, paka havumilii.

Kwa hiyo, hata kama wewe huli nyama, paka wako umpe vichwa na vumbi la omena linalobaki chini ya gunia, au matumbo ya samaki yaliyopikwa, na umwache huru ashike panya. Ukiona dhamiri inakataa kabisa, basi usifuge paka, fuga sungura. Usimpe mnyama kiapo chako. Yeye hakuapa. Hapo ndipo tulipoona kwamba paka wetu na mtoto wa binti yule walikuwa katika shauri moja: mtu mzima anaweza kujinyima, lakini asimnyime asiyeweza kuchagua.

NA VITU VITAMU JE?

Watoto wametuuliza: mtu asiyekula maziwa wala mayai ataonja nini siku ya sikukuu? Jibu liko hapa hapa mpakani, ambapo biashara ya bodaboda ilizaliwa. Tazameni kabalagala za jirani zetu Waganda. Hazina yai, hazina maziwa, hata sukari si lazima.

Chukua ndizi ndogo tamu zilizoiva sana, zile ambazo maganda yameanza madoa meusi. Menya, ziponde mpaka ziwe laini kabisa. Usitie maji. Ongeza unga wa mihogo uliochekechwa, kidogo kidogo, ukikanda mpaka donge lisishike mikono. Sukuma, liwe nene kama kidole kidogo. Kata miduara kwa mdomo wa kikombe. Kaanga kwa mafuta ya moto wa kadiri mpaka ziwe kahawia pande zote. Moto ukiwa mkali zitaungua nje na kubaki mbichi ndani.

Za simsim ni rahisi pia. Kaanga simsim kavu mpaka inukie, yeyusha sukari au sukari nguru kwa maji kidogo, changanya, viringa ingali moto kwa mikono iliyopakwa mafuta. Njugu karanga hufanywa vivyo hivyo kuwa kashata. Na mandazi yanaumuka vizuri kwa hamira na maji tu. Kiazi kitamu cha kuchoma nacho msikidharau.

Onyo moja. Njugu au mahindi yenye ukungu, yaliyosinyaa au kubadilika rangi, msile, msiuze, wala msiwape kuku. Ukungu ule una sumu iitwayo aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2004 huko Ukambani watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo, na wekeni magunia juu ya mbao.

Kikundi kinachotaka kuuza vitafunio hivi kiandike kwanza: ndizi shilingi ngapi, unga, mafuta, kuni, na kazi yenu pia. Gawanya kwa idadi ya vipande, ndipo mpange bei. Msipange bei kwa kumtazama jirani.

TAZAMA, AMUA, TENDA

Ndugu zetu, hatukuja kuwaambia acheni nyama, wala hatukuja kuwaambia kuleni. Tumekuja kuomba mambo mawili. Mtu akikataa chakula chako, umwulize kabla ya kumcheka. Na mtu akikosa chakula, usingoje aseme. Yule mjane sasa ana kuku wawili kutoka kwa kikundi na mstari wa soya nyuma ya nyumba. Ilichukua maneno yake makali ili tuamke.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba zipi hazijapata yai, maziwa, samaki au nyama mwezi huu? Je, zina watoto chini ya miaka miwili au wajawazito?
2. Ni mboga gani za kienyeji ambazo nyanya zetu walizijua na sisi tumeziacha? Nani bado ana mbegu?
3. Mgeni asiyekula kuku akija kwetu, tutamheshimu kwa chakula gani?
4. Ghala letu lina paka? Anakula nini?

Kila kikundi kichague jambo moja la kutenda kabla ya mkutano ujao, na kilete jibu. Vitabu vya akaunti vileteni pia, hatujasahau.